Mbwa wa Ulinzi Katika Nyumba Yenye Watoto Wadogo: Hukumu Yake na Namna ya Kumchagua



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, somo letu hili linawahusu zaidi wazazi wanaoishi mashambani na pembezoni mwa miji, ambako nyumba ziko mbalimbali na jirani hasikii ukipiga ukelele. Mzazi anataka mbwa wa kulinda nyumba na mifugo, lakini uani kwake mna watoto wa miaka miwili na mitatu. Hapo hujiuliza maswali mawili. Je, dini inamruhusu? Na ikiwa inamruhusu, amchague mbwa wa namna gani, asije akaleta mlinzi akamdhuru yule anayelindwa? Tutayajibu maswali haya kwa mpangilio, Insha Allah.

1. HUKUMU YA KUFUGA MBWA

Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kufuga mbwa bila ya haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Riwaya ya Abu Huraira (R.A.) imetaja qirati moja, na ya Ibn Umar (R.A.) imetaja qirati mbili. Waliotolewa katika hukumu hiyo ni mbwa wa mifugo, mbwa wa shamba na mbwa wa kuwinda. Wanazuoni wakauliza: na mbwa wa kulinda nyumba? Imam Nawawi, katika madhehebu ya Shafi, ameeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kuruhusiwa, kwa kukisia na wale watatu, kwa sababu kinachowakutanisha wote ni haja.

Kwa hiyo haja ndiyo ufunguo wa mlango huu. Kabla ya kutafuta mbwa, mzazi ajiulize: Je, kufuli nzuri, taa ya nje, ua uliozibwa vizuri na ujirani mwema havitoshi? Vikitosha, basi mbwa hana kazi hapo. Anayemtaka kwa fahari, au kwa kuwa amemwona kwa jirani, hana udhuru.

Lipo pia jambo la bei. Imethibiti kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza thamani ya mbwa, na katika madhehebu yetu ya Shafi kumuuza na kumnunua hakusihi, ingawa wapo wanazuoni wa madhehebu nyingine walioona vinginevyo. Aliye salama ni yule apewaye mbwa bure. Asiyepata njia hiyo amuulize shekhe wake kabla ya kutoa fedha.

2. MBWA MKALI NA MBWA MLINZI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu akisikia ulinzi, hutafuta mbwa mkali kuliko wote mtaani, kisha humfunga mnyororo mchana kutwa ili azidi ukali. Mbwa wa namna hiyo hamchagui mwizi. Mnyororo ukikatika, wa kwanza kukutana naye huenda akawa mtoto anayefuata mpira wake.

Kazi ya mbwa wa nyumbani ni kutoa habari: abweke mgeni anapofika, asimame baina yake na mlango, na anyamaze mwenye nyumba anapomwamuru. Wezi wengi huogopa kelele, maana kelele huamsha watu. Nyumba yenye watoto inahitaji mbwa mwenye masikio mepesi na moyo mtulivu. Mbwa mwoga naye ni hatari, kwa sababu mbwa wengi huuma kwa hofu. Kwa hiyo tunatafuta yule wa katikati: si mkali wala si mwoga.

3. NAMNA YA KUMCHAGUA

(a) Aina yake. Mbwa wa kienyeji amezoea joto letu, hana gharama kubwa za chakula, na hubweka upesi anaposikia kitu kigeni. Kwa nyumba nyingi yeye anatosha. German Shepherd hujifunza haraka na ni mlinzi hodari, lakini anahitaji mazoezi kila siku, na dume lake hufikia kilo 30 hadi 40. Rottweiler dume hufikia kilo 50 na zaidi, na Boerboel wa Afrika Kusini huweza kumpita. Mbwa wa uzito huo akimparamia mtoto wa kilo 12 humwangusha, hata kama anacheza tu. Hao wawili wanahitaji mtu mwenye ujuzi, wala hatumshauri mzazi anayeanza kufuga kuanza nao. Labrador ni mpole sana kwa watoto, ila mara nyingi humkaribisha hata mgeni. Hata hivyo, aina haitoshi kuwa dhamana, maana mbwa wa tumbo moja hutofautiana tabia kama ndugu wanavyotofautiana.

(b) Mama yake. Nenda ukamwone mama wa kitoto kile. Akiwa anatulia mwenyewe anapokuwepo, hiyo ni dalili njema. Akiwa anarukia kila mtu, tafuta kwingine.

(c) Umri wake. Mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Kipindi cha tangu wiki 3 hadi wiki 12 au 14 ndicho anachozoea watu, sauti na vitu. Aliyelelewa kipindi hicho gizani, bila ya kuwaona watu, huwa mgumu kuzoea watoto. Mbwa mzima ambaye tabia yake inajulikana, na aliyekwishakaa nyumba yenye watoto, anaweza kuwa bora zaidi, kwa kuwa mtoto wa mbwa huuma-uma kwa mchezo na hawezi kulinda mpaka akue.

(d) Majaribio mepesi. Yafanywe na mtu mzima, watoto wakiwa mbali. Angusha kifuniko cha sufuria hatua chache kutoka kwake. Anayeshtuka kisha akarudi kukinusa, huyo anafaa. Anayekimbia na kujificha asitoke, au anayerukia kwa hasira, mwache. Tena mtazame anapokula. Anayeganda mwili na kunguruma mtu anapopita karibu na chakula chake hafai nyumba yenye watoto.

4. MAHALI PAKE NA TWAHARA

Katika Suratul Kahf, aya ya 18, Allah (S.W.) ametutajia mbwa wa vijana wa pangoni akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini. Mahali pa mlinzi ni mlangoni. Tena imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Malaika hawaingii katika nyumba yenye mbwa. Basi ajengewe banda lenye kivuli karibu na lango, mbali na mahali pa kuswalia, bomba la maji, kamba ya nguo na jiko. Mchana watoto wanapocheza akae ndani ya banda au ua wake. Usiku watoto wamelala, afunguliwe.

Kwa madhehebu ya Shafi, mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokitia ulimi huoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo. Nguo au mwili ukiguswa na mate yake, au mmoja wao akiwa na majimaji, huoshwa vivyo hivyo. Mkavu akimgusa mkavu, najisi haihami. Awe na vyombo vyake peke yake, na mtu mmoja mzima awe ndiye mwenye kumhudumia, akiwa na nguo maalumu ya kazi hiyo.

Usafi huu una faida ya afya pia. Kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya minyoo, nayo huwaingia watoto wanaochezea mchanga na kutia vidole mdomoni. Kwa hiyo kinyesi kizolewe kila siku na kufukiwa, na mbwa apewe dawa ya minyoo kama mganga wa mifugo atakavyoelekeza.

5. CHANJO YA KICHAA CHA MBWA

Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizo ya watu hutokana na mbwa, na kiasi cha watu 4 katika kila 10 wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Mbwa achanjwe anapofikia miezi mitatu, kisha chanjo irudiwe kama mganga wa mifugo anavyopanga, na cheti kihifadhiwe.

Tuna mfano wa karibu. Kisiwani Pemba ugonjwa huu ulitokomezwa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, chanjo zikarudiwa, na mwaka 2018 ukatokomezwa kwa mara nyingine. Kwa hiyo anayechanja mbwa wake anamlinda mtoto wake na watoto wa jirani.

6. MAFUNZO KWA WATOTO

Wanafunzi wetu, hasa nyinyi mlio kaka na dada wa nyumbani, yashikeni haya na muwafundishe wadogo zenu:

(i) Usimsogelee mbwa anapokula, anapolala, anapofungwa, wala anaponyonyesha.
(ii) Usimvute mkia wala masikio, usimpande mgongoni, usimrushie mawe.
(iii) Akikusogelea mbwa usiyemjua, usikimbie. Simama wima kama mti, mikono ubavuni, usimkazie macho. Akikuangusha, jikunje na ufunike uso na masikio.
(iv) Mbwa aliyekaza mwili, aliyeonyesha meno au aliyekunja mkia katikati ya miguu anasema: niache. Rudi nyuma polepole.

Nanyi wazazi, mtoto aliye chini ya miaka mitano asiachwe na mbwa hata dakika moja bila ya mtu mzima, japo mbwa awe mpole namna gani. Mtoto mdogo ni mfupi, na meno ya mbwa humfikia usoni na shingoni. Tena wengi wanaoumwa huumwa na mbwa wanayemjua.

7. MBWA AKIUMA

Osheni kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mpelekeni mtoto hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, na amalize dozi zote. Msitie pilipili, majivu wala mafuta. Udongo nao usitiwe kidondani, kwani huweza kuleta pepopunda. Suala la twahara ataulizwa mwalimu baada ya matibabu. Mbwa azuiliwe kwa uangalifu, mganga wa mifugo aarifiwe, na achunguzwe kwa siku 10.

Mtoto asitishwe kwa fimbo, maana anayeogopa kupigwa huficha jeraha, na jeraha lililofichwa ndilo linaloua.

8. HAKI ZA MBWA

Unajisi wa mbwa haukuondoa haki zake. Bukhari amepokea habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Allah (S.W.) akamsamehe madhambi yake. Tena imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Basi mwenye kumfunga mbwa juani bila maji aitafakari hadithi hiyo. Mbwa ana haki ya chakula, maji, kivuli, matibabu na kutembezwa. Na katika hilo mna usalama wetu wenyewe, kwa kuwa mbwa aliyeshiba na asiyepigwa ni mtulivu zaidi kwa watoto.

HITIMISHO

Mtoto ni amana, na mbwa naye ukishamfuga ni amana. Asiyeweza kujenga banda, kulipia chanjo na kuwasimamia watoto wake, bora aimarishe kufuli na amwachie Allah (S.W.) yaliyobaki. Anayeweza, na haja anayo, achague kwa utulivu na asiharakishe. Tunamuomba Allah (S.W.) azihifadhi nyumba zetu na watoto wetu. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja aina tatu za mbwa zilizoruhusiwa katika hadithi. Mbwa wa nyumba amekisiwa nazo kwa sababu gani?
2. Eleza tofauti ya mbwa mkali na mbwa mlinzi.
3. Mdogo wako ameumwa na mbwa. Utafanya nini kwanza, na ni vitu gani hutatia kidondani?
4. Pamoja na wazazi wako, pimeni: Je, nyumba yenu ina haja ya mbwa?

Wabillahi tawfiq.