Kura za Maoni: Jinsi ya Kuzisoma na Kukadiria Matokeo ya Uchaguzi

Mtahiniwa, uchaguzi umeusoma kwenye Uraia na takwimu umezisoma kwenye Hisabati. Wengi huviweka vitu hivi viwili kwenye madaftari mawili na havikutani kamwe. Katika somo hili vinakutana. Ukimaliza utaweza kutazama taarifa isemayo "mgombea fulani anaongoza kwa asilimia kadhaa" na kueleza inachoweza kukuambia na isichoweza.

Kwanza tusafishe neno. Katika siasa za Tanzania "kura ya maoni" ina maana tatu, na mtahiniwa asiyezitenganisha hupoteza alama hata kama anajua mengi. Maana ya kwanza ni wananchi wote kuamua jambo moja kwa ndiyo au hapana, kama Wazanzibari walivyofanya tarehe 31 Julai 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 66.4. Ya pili ni wanachama wa chama kupendekeza nani awe mgombea wao wa ubunge au udiwani. Ya tatu, ambayo ndiyo yetu leo, ni utafiti: watu wachache wanaulizwa watampigia nani, kisha majibu yao yanatumika kukadiria nchi nzima. Katika somo hili nitaiita "utafiti wa maoni" ili tusichanganyikiwe.

Mfano wa 2015

Septemba 2015, mwezi mmoja kabla ya Uchaguzi Mkuu, taasisi ya Twaweza ilitoa matokeo ya utafiti wake uitwao Sauti za Wananchi. Watu 1,848 wa Tanzania Bara waliulizwa kwa simu. Asilimia 65 walisema watampigia John Magufuli wa CCM, asilimia 25 Edward Lowassa wa CHADEMA aliyeungwa mkono na UKAWA. Kampuni ya Ipsos nayo ilitoa makadirio yake mwezi huohuo: Magufuli 62, Lowassa 31. Vijiweni kelele zilikuwa nyingi. Waliofurahia namba waliziamini, waliochukia walisema zimepikwa, na wachache sana waliuliza zimepatikanaje.

Watanzania walipiga kura tarehe 25 Oktoba. Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza Magufuli kura 8,882,935, sawa na asilimia 58.46 ya kura halali, na Lowassa kura 6,072,848, sawa na asilimia 39.97.

Sasa pima. Mshindi alitabiriwa sawasawa. Lakini pengo kati ya wagombea wawili katika Sauti za Wananchi lilikuwa 40, na katika matokeo halisi ni 18.5. Kwa Magufuli utafiti ulizidisha kwa 6.5, kwa Lowassa ulipunguza kwa 15. Ukiulizwa "je, utafiti ule ulikuwa sahihi?" usijibu ndiyo au hapana tupu. Sema ulipatia nini, ulikosea nini, na kwa kiasi gani.

Kiasi cha kukosea

Utafiti wowote unaohoji watu wachache hukosea kidogo hata ukifanywa kwa uaminifu. Ukionja maharage kwa kijiko kimoja unaweza kupata chembe mbili za chumvi zaidi ya sufuria lote. Kwa sampuli nasibu, yaani ile ambayo kila mtu ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, kuna kanuni ya mkato: gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni asilimia unazopaswa kujumlisha na kutoa, na makadirio yatakuwa ndani ya mipaka hiyo takribani mara 95 kati ya 100.

Kwa watu 1,848 kipeuo cha pili ni karibu 43. Moja gawanya kwa 43 ni 0.023, yaani asilimia 2.3. Kwa hiyo 65 ya Magufuli ilimaanisha kati ya 62.7 na 67.3, na 25 ya Lowassa ilimaanisha kati ya 22.7 na 27.3. Matokeo halisi yako nje kabisa ya mipaka yote miwili. Hapo ndipo mtahiniwa mzuri anapojitenga na wa kawaida: bahati ya sampuli peke yake haitoshi kueleza kosa la ukubwa huo. Tafuta sababu nyingine.

Wa kwanza kutazamwa ni wale ambao hawakutaja yeyote kati ya hao wawili. 65 jumlisha 25 ni 90, inabaki 10. Hata tukimpa Lowassa kumi zote anafika 35, bado si 40. Sababu hii ni ya kweli lakini ni fupi, haifiki.

Tazama tarehe. Simu zilipigwa kati ya Agosti na mwanzoni mwa Septemba. Lowassa alikuwa amehamia CHADEMA mwishoni mwa Julai tu, na kampeni ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza. Utafiti ni picha ya siku iliyopigwa, na wiki saba za kampeni ni nyingi.

Tazama nani aliulizwa na nani alipiga kura. Waliojiandikisha mwaka ule walikuwa 23,161,440. Waliopiga kura ni 15,589,639, asilimia 67.3. Mmoja kati ya watatu alibaki nyumbani. Kama wafuasi wa upande mmoja wana ari zaidi ya kupanga foleni asubuhi, matokeo huhama bila mtu yeyote kubadili mawazo. Pia utafiti ulikuwa wa Bara. Zanzibar haikuwemo, ingawa kura zake za urais zilihesabiwa.

Kuna na woga. Mtu anayepigiwa simu na taasisi yenye namba yake anaweza kusema jibu analoona ni salama. Hili huwezi kulithibitisha kwa hesabu, kwa hiyo kwenye mtihani liandike kwa "huenda".

Nikuonye kuhusu jibu moja ninaloliona kila mwaka: "Walihoji wenye simu tu, maskini wakaachwa." Kwa Sauti za Wananchi si kweli. Kaya zilichaguliwa kwanza, kisha zikagawiwa simu na chaja za umeme wa jua ili wasio na kitu nao wapatikane. Hoja yenye nguvu zaidi ni kwamba kwa mpango huu kaya zilezile hupigiwa tena na tena, na watu waliozoea kuhojiwa wanaweza kuanza kujibu tofauti na majirani zao.

Kosa la kuwaamini wanaokuzunguka

Mwaka ule wa 2015 mimi nilikuwa kijana wa chuo, nimepanga chumba Iringa mjini. Kijiweni petu tulikuwa kama ishirini na kila mmoja alikuwa na mgombea yuleyule. Nikampigia mjomba wangu, mkulima wa chai Tukuyu, kumwambia uchaguzi umekwisha, tumeshahesabu. Akacheka, akaniuliza, "Mjomba, huko kijiweni wanakaa wazee wangapi? Na akina mama?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefanya utafiti wa maoni bila kujua, kwa sampuli mbovu kuliko zote: marafiki zangu.

Kosa langu lina ndugu mkubwa. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni mbili na kutabiri kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Landon aliambulia majimbo mawili. Majina yalikuwa yamechukuliwa kwa wingi kwenye orodha za wenye simu na magari, katika miaka ya ufukara mkubwa. George Gallup alihoji watu wachache zaidi, akapatia. Ukubwa wa sampuli hauponyi ubovu wa kuichagua.

Taifa si jimbo

Hapa ndipo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka 2015, nchi ilipompa urais mgombea wa CCM, jimbo la Mbeya Mjini lilimrudisha bungeni Joseph Mbilinyi na Iringa Mjini ikamrudisha Peter Msigwa, wote wa CHADEMA, kama zilivyofanya 2010. Mtu aliyesoma "65 kwa 25" akahitimisha kwamba Mwanjelwa na Soko Kuu la Iringa nako ni hivyohivyo, alijidanganya.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Bara kulikuwa na majimbo 214. Gawanya wahojiwa 1,848 kwa 214: wastani ni watu wasiofika tisa kwa jimbo. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, na moja gawanya kwa tatu ni asilimia 33. Ukisema mgombea ana 50 Mbeya Mjini kwa sampuli hiyo, maana yake ni popote kati ya 17 na 83. Huo si utabiri. Ili kukosea kwa asilimia 5 tu unahitaji watu 400 katika kila jimbo, na kwa majimbo 214 ni watu 85,600. Gharama yake ndiyo sababu tafiti za kila jimbo ni adimu.

Wengine hukwepa gharama kwa kutumia matokeo ya uchaguzi uliopita. Inawezekana, lakini kagua mipaka kwanza. Mkoa wa Mbeya wa 2015 ulijumuisha Tunduma na Vwawa, ambazo leo ziko Songwe, mkoa ulioanzishwa 2016. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012. Mwaka 2025 jimbo la Mbeya Mjini lenyewe liligawanywa likazaliwa jimbo la Uyole. Na wapiga kura si mawe: mwaka 2020 Mbeya Mjini na Iringa Mjini zote zilitangazwa kwenda CCM.

Mfano wa kukokotoa

Tuseme jimbo lina wapiga kura 100,000: 70,000 katika kata za mjini na 30,000 katika kata za pembezoni. Umehoji watu 400, lakini kwa kuwa daladala za pembezoni ni za shida, 340 ni wa mjini na 60 tu wa pembezoni. Mgombea A amepata 204 mjini na 18 pembezoni.

Jumla ghafi ni 222 kati ya 400, yaani asilimia 55.5. Mwanafunzi mwenye haraka anamtangaza A mshindi. Sasa rekebisha uzito. Mjini A ana 204 kati ya 340, asilimia 60. Pembezoni ana 18 kati ya 60, asilimia 30. Mjini ni 0.7 ya jimbo na pembezoni ni 0.3, kwa hiyo 0.7 × 60 + 0.3 × 30 = 42 + 9 = 51.

Kiasi cha kukosea kwa watu 400 ni asilimia 5 (na kwa kweli kinazidi kidogo, kwa sababu wale 60 wamebeba uzito mkubwa). A yuko kati ya 46 na 56. Jibu sahihi la "nani atashinda?" ni kwamba utafiti huu hauwezi kusema. Kuandika hivyo si kushindwa swali. Kenya, Agosti 2022, tafiti kadhaa za wiki za mwisho zilimweka Raila Odinga mbele, na William Ruto akatangazwa mshindi kwa 50.49 dhidi ya 48.85. Pengo la 1.64 ni dogo kuliko kiasi cha kukosea cha tafiti nyingi.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha maana tatu za "kura ya maoni", kila moja kwa mfano wa Tanzania.

2. Utafiti wa watu 900 unampa mgombea B asilimia 48 na C asilimia 44. Kokotoa kiasi cha kukosea, kisha eleza kama B anaongoza kwa uhakika. (Ukipata 3.3 uko sawa. Angalia mipaka ya wote wawili inavyopandana kabla ya kuandika neno "mshindi".)

3. Rafiki yako amesimama stendi ya mabasi siku ya gulio, amehoji abiria 500 na kutabiri matokeo ya ubunge wa jimbo. Taja makundi matatu aliyoyakosa na kundi moja ambalo hakupaswa kulihoji kabisa. (Sehemu ya mwisho huwashinda wengi. Wafikirie abiria wanaopita tu, waliojiandikisha kupiga kura jimbo jingine.)