Kelele za Usiku na Haki ya Jirani

Usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na sauti. Wakatoka kuielekea, na njiani wakakutana na Mtume (S.A.W.) akirudi. Alikuwa amekwisha kufika huko juu ya farasi wa Abu Talha asiyetandikwa, upanga umening'inia shingoni, akawaambia wasiogope. Ameisimulia Anas bin Malik (R.A.), na Bukhari na Muslim wameipokea.

Ndugu msomaji, hadithi hii husomwa kueleza ushujaa, na ni sawa. Lakini tazama pia kwamba alikwenda kuhakikisha kabla ya umati. Sisi tunaoishi hosteli za Kikoni na Wandegeya hapa Kampala tunajua umati ukitangulia huwaje. Mtu anapiga kelele "mwizi!", na kabla hajaulizwa nani kaibiwa nini, kijana yuko chini anapigwa matofali. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuichunguza habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Aliyeuawa majuto yetu hayamfai kitu. Na hata kama kweli aliiba, adhabu ni ya mwenye mamlaka baada ya kusikiliza ushahidi, si ya mtaa.

Je, tukae kimya? Hapana. Ila aya ya 12 ya sura hiyo hiyo inakataza dhana mbaya na kupelelezana, na hapa wengi huchanganyikiwa, maana kamati ya LC1 ina katibu wa usalama anayetaka kuambiwa tunayoyaona. Katika Sunan ya Abu Daud, Abdullah bin Mas'ud (R.A.) aliletewa mtu, ikasemwa ndevu zake zinadondoka pombe. Akajibu kwamba wamekatazwa kupeleleza, lakini jambo likiwadhihirikia watalishika. Mpaka ni huo. Mlango uliovunjwa, kilio cha mwanamke chumba cha pili, mtu anayekata kufuli ya pikipiki saa tisa usiku: hayo yamedhihirika, mpigie katibu. Jirani anatembelewa na nani, anasali au hasali, ni kabila gani, ni mkimbizi kutoka wapi: hayo hayakuhusu, hata ukiulizwa.

Tatizo ni kwamba katibu mwenyewe hatumjui. Baada ya 2001 uchaguzi wa LC1 haukufanyika tena mpaka Julai 2018, watu wakapanga mstari nyuma ya wagombea wao. Nasi wanafunzi humwona mwenyekiti siku ya kutafuta barua na muhuri tu. Atatuamini vipi usiku wa manane?

Napendekeza jumuiya yetu iwapeleke wanafunzi wapya kwa mwenyekiti wiki ya kwanza ya muhula, na nambari za katibu na za kituo cha polisi zibandikwe mlangoni mwa msikiti. Simwambii mtu akaukabili umati peke yake, ni hatari. Lakini wanafunzi watano wakifika pamoja, mmoja akipiga simu polisi na wengine wakiuliza kwa sauti, "Nani kaibiwa? Kaibiwa nini?", mwenye tofali mkononi atalazimika kungoja jibu.