Harambee ya siku moja, jirani na mgodi

Kaa kwenye kikao chochote cha kuchangishana huku Bugarama au Kakola, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, nusu saa haiishi mtu hajasema: "Mgodi si upo? Sisi tunahangaika nini?" Watu watatikisa vichwa, kikao kitapoa, na mwenyekiti ataanza kuandika barua ya kuomba msaada badala ya kupanga harambee. Kama kikundi chako kinataka kuchangisha kwa siku moja na kufanikiwa, kauli hiyo ijibiwe kabla hamjachapisha hata bango moja.

Tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, kampuni yenye leseni ya kuchimba inatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri juu ya mpango huo. Kwa Bulyanhulu, mazungumzo hayo yanapita halmashauri ya Msalala, na fedha hupangiwa kazi mapema. Hakuna meneja atakayesimama kwenye viti vya mbele siku yenu akazitoa mfukoni. Mradi wenu ukiwa mkubwa, pelekeni ombi kwa mtendaji wa kata ili liingie kwenye mpango wa mwaka unaofuata. Hiyo ni njia nyingine, ina milango yake na muda wake. Harambee ya siku moja inategemea watu.

Na watu wa mgodini wamo. Mwaka 2011 wafanyakazi wa Bulyanhulu walianzisha CanEducate, mpango wa kusaidia watoto wa familia zisizojiweza katika vijiji vinavyouzunguka mgodi wasome, na pesa zake za mwanzo zilitokana na makopo matupu ya soda yaliyokusanywa na kuuzwa. Kwa hiyo ukienda kwa wafanyakazi, nenda kama unayemwendea jirani mwenye mshahara na watoto. Wao na kampuni ni mifuko miwili tofauti, na ukiichanganya utakosa yote.

Tuchukue mfano mmoja tuutembeze. Akina mama wa kikundi wanataka vitanda vya hosteli ya wasichana wa sekondari. Jengo lipo, lakini ndani ni sakafu tupu, na mabinti wanaendelea kupanga vyumba mtaani, wawili watatu kwenye chumba kimoja, bila mtu mzima wa kuwaangalia. Kila anayeishi huku anajua hali hiyo huishia wapi.

Kazi ya kwanza ni kwenda kwa fundi wa kuchomelea na daftari. Apige hesabu ya mabomba, rangi, kazi yake na usafiri hadi shuleni, aiandike na kutia sahihi. Nenda na duka la magodoro ufanye vivyo hivyo. Tuseme kitanda kimoja cha ghorofa na magodoro yake mawili kinafika mlangoni kwa 270,000. Vitanda 20 ni 5,400,000, na wasichana 40 wanalala. Sasa una cha kusema: shilingi 135,000 inamtoa binti mmoja sakafuni. Mwenye 135,000 anajua amefanya nini, na wanne wenye 34,000 kila mmoja wanaweza kuungana wakampata binti wao. Ukisema tu "tunaomba mchango wa hosteli", mtu anatoa elfu mbili ili umwondokee.

Kisha tarehe. Duniani kuna siku ya kutoa iitwayo GivingTuesday, iliyoanzia New York mwaka 2012, na huangukia mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Ni wazo zuri, lakini kwetu mwezi huo mvua imeshaanza, mkulima ameshazika hela yake ardhini kwa njia ya mbegu na mbolea, na mzazi anawaza sare za Januari. Huku Kahama pesa ya mpunga na pamba inaonekana baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti. Ndani ya miezi hiyo tafuteni siku inayofuata mishahara, na ikiwezekana iwe siku ya gulio, watu wakiwa wameshatoka majumbani na chenji mkononi. Ulizeni pia kama kuna mkutano wa hadhara au mechi kubwa siku hiyo. Nimeona uwanja ukiwa mtupu kwa sababu ya Simba na Yanga peke yake.

Jipeni wiki nane. Wiki mbili za kwanza zote ni za karatasi: barua kwa serikali ya kijiji na mtendaji wa kata, taarifa polisi kwa kuwa kutakuwa na mkusanyiko, na nakala kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Kwa kuwa mradi unagusa shule, mkuu wa shule asishike hata shilingi. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, michango ya lazima kwa wazazi ilikatazwa, na mzazi asidhani kwamba hii ni ile ya zamani imerudi kwa jina jipya. Andikeni kwenye kila bango kwamba ni hiari, na pesa zikae kwa kikundi.

Hapa kwenye pesa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoungulia mwenyewe. Harambee moja niliyosaidia kuiandaa miaka ya nyuma, tulitangaza namba tatu za simu za wanakamati watatu, kila mtandao na wake, tukidhani tunawarahisishia watu. Jioni tulihesabu mpaka saa tano usiku. Mmoja alikuwa amepokea na pesa ya mbuzi wake siku hiyo hiyo kwenye namba ileile, mwingine alikuwa ametumia kidogo kulipia spika akisahau kuandika. Hakuna aliyeiba, lakini arobaini elfu haikuonekana, na mwaka uliofuata hakuna aliyetusikiliza.

Chukueni namba moja tu ya malipo, Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Anayechangia, kabla hajaweka namba ya siri, huona jina kwenye kioo cha simu. Akiona jina la kikundi alilosikia redioni, anaendelea. Akiona jina la mtu asiyemjua, anafuta, na hakwambii. Usajili unahitaji cheti cha kikundi na nyaraka nyingine, nao huchukua siku, ndiyo maana nimesema wiki nane. Ulizeni mapema makato ya kutoa, mwenye mtandao mwingine anatumaje, na wanaokagua salio ni kina nani. Wawe wawili, wasiokuwa ndugu. Na namba ikiwa moja, lengo nalo liwe moja. Mwezi Julai 2011 Wakenya walipochangia wenzao waliokumbwa na njaa kupitia kampeni ya Kenyans for Kenya, sehemu kubwa ya watu walitoa kwa simu, lengo lilitajwa wazi, shilingi zao milioni 500 kwa wiki nne, na lilifikiwa kabla ya muda. Lengo moja na muda mmoja, kila mtu aliweza kuyakariri.

Pesa taslimu bado itakuja, hasa kutoka kwa wachimbaji wadogo. Mchimbaji wa duara leo anayo, kesho hana, na ahadi ya mwezi ujao si ya kumlazimisha. Mfuateni asubuhi kwenye makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea dhahabu, mpokee alichonacho, mmwandikie stakabadhi palepale. Akitaka kutoa dhahabu yenyewe, mshukuruni na mmwombe akaiuze kwanza kwenye soko rasmi la madini. Masoko hayo yapo tangu 2019, na kikundi cha hisani kikikutwa na dhahabu mkononi kitajieleza kwa muda mrefu.

Sasa siri kubwa ya siku moja: nusu ya lengo iwe imeshapatikana kabla ya jua kuchomoza. Andikeni majina ya watu mnaowajua, mgawane, mkawaone uso kwa uso katika wiki sita zinazobaki. Watu kumi wa laki moja ni milioni moja. Watu 40 wa elfu hamsini ni milioni mbili. Hapo mnafika milioni tatu kabla ya spika kuwashwa. Mama wa duka la jumla, mwenye karasha, mwenye mabasi, mwalimu mstaafu, kijana wa hapa aliyeko Dar es Salaam anayetaka kukumbukwa nyumbani, wote hao hawatoi kwa kusikia tangazo. Wanatoa kwa kuombwa na mtu wanayemheshimu, aliyekaa nao, aliyewaonyesha karatasi ya fundi. Na anayeomba awe ameshatoa yeye mwenyewe.

Siku yenyewe anzeni saa moja asubuhi, wa zamu ya usiku wawahiwe wakitoka. Katikati ya uwanja wekeni kitanda kimoja kilichokamilika, magodoro yakiwa bado kwenye nailoni. Watu watakigusa, watakitikisa kuona kama kinayumba, mzee mmoja atakaa kitako ajaribu. Kitanda hicho kitaongea kuliko mshereheshaji. Lakini msimpandishe binti jukwaani asimulie alivyolala sakafuni. Atarudi darasani kesho yake, na wenzake watakuwa wamemsikia.

Pembeni pawe na ubao wenye vitanda 20 vilivyochorwa kwa chaki, kila kilicholipiwa kinapakwa rangi. Na hapa tumieni kitu ambacho Usukuma umekijua tangu zamani za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayocheza kwa wakati mmoja, kila moja likivuta watazamaji kutoka kwa jingine. Gawanyeni ubao: Kakola upande mmoja, Bugarama upande wa pili. Au zamu ya mchana na zamu ya usiku. Kila saa msomaji atangaze nani anaongoza, kwa Kiswahili na Kisukuma, na mpigieni simu mtangazaji wa redio ya Kahama arudie. Mkiwa na mfadhili mkubwa, msimtangaze asubuhi. Mwombeni ahadi yake ifunguke saa nane, jua likiwa kali na watu wameanza kwenda kula: upande utakaofikisha vitanda vinane, yeye anaongeza viwili.

Mgeni rasmi akichelewa, msimsubiri. Nasema hivi kwa heshima zote, maana umati wa gulio hauna saa mbili za kukaa juani. Harambee iendelee, na Mheshimiwa akifika apewe kipaza sauti kwa dakika kumi, atoe chake, apake rangi kitanda kimoja.

Saa kumi na moja jioni fungeni. Hesabuni hapohapo, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, salio la simu lisomwe kwa sauti na taslimu ihesabiwe mezani, kisha jumla iandikwe ubaoni kabla watu hawajatawanyika. Ahadi ambazo hazijalipwa zisomwe idadi bila majina. Siku tatu zinazofuata ni za kuwapigia simu walioahidi, kwa upole, kila mmoja mara moja. Baada ya wiki ahadi imeshapoa, na ukiifuata sana unampoteza mtu.

Vitanda vikifika, bandikeni stakabadhi ya fundi kwenye mbao za matangazo za vijiji vyote viwili. Mtafuteni yule mama lishe aliyetoa elfu mbili ya kwanza asubuhi ile, mmchukue kwa bodaboda mpaka hosteli, aingie yeye wa kwanza, na mabinti wampokee wakiwa wanatandika mashuka.