SOMO LA ORDINATERI: MLINZI, DAFTARI NA MIHOGO

Leo tutajifunza namna ordinateri inavyomtambua mtu, na namna fundi anavyoiwekea mlinzi. Msiogope majina mageni, mambo yenyewe mnayajua.

1. Kutambua mtu

Soma Ezra 2:61-63. Makuhani fulani walitafuta majina yao katika kitabu cha vizazi, hawakuyaona, nao wakawekwa kando na kazi yao. Ile ni kutambua kwa daftari. Soma tena Waamuzi 12:5-6. Pale kwenye vivuko vya Yordani mtu alijulikana kwa kutamka neno moja tu. Ile ni kutambua kwa neno. Ordinateri inaunganisha zote mbili: inauliza jina, inauliza neno la siri, halafu inaangalia daftari.

Zamani kila programu ilikuwa na mlinzi wake mwenyewe. Ukitaka kubadilisha namna ya kuuliza, lazima uandike programu upya. Mwaka 1995 watu wa kampuni ya Sun Microsystems, kule Marekani, walitoa mpango unaoitwa PAM. Kwa mpango huu mlinzi ni kipande cha pembeni, ndiyo moduli. Unaondoa moja, unaweka nyingine, programu inabaki vile vile. Moduli pam_mysql inamtuma mlinzi kuangalia katika daftari la MySQL. Basi mashini kumi zinaweza kutumia daftari moja.

2. Unga au mihogo?

Watu wengi wanapokea programu sawa unga: imekwisha kusagwa, kazi ni kupika. Lakini kuna mifumo inayotoa mihogo yenyewe, maana yake maandishi ya asili ya programu, na mashini yako inayasaga nyumbani. Mfumo mmoja wa namna hii ni Gentoo, ambao toleo lake 1.0 lilitoka mwaka 2002. Faida ni kama unachagua mwenyewe kitu cha kutia na cha kuacha.

Mama zetu wanajua kama muhogo mchungu lazima uloweke kwanza. Ukiruka hatua ile, sumu inabaki. Kwa hiyo Gentoo inataka karatasi ya maagizo kwa kila programu. Inaitwa ebuild.

3. Karatasi inasema nini?

a) Jina, toleo, ruhusa ya kutumia, na mahali pa kuchota maandishi.
b) Alama ya hesabu ya fungu lile inawekwa katika faili ya pembeni, Manifest. Herufi moja ikibadilika, alama haipatani, na kazi inasimama. Hivi mwizi hawezi kutia kitu ndani ya fungu njiani.
c) Vitu vinavyohitajiwa: PAM yenyewe na maktaba ya kuongea na MySQL. Ukisahau kuandika moja, kazi itafaulu kwako tu sababu unayo tayari, kwa jirani itashindwa.
d) Hatua kwa utaratibu: kufungua, kutayarisha, kupanga, kusaga, kuweka. Vitu vinawekwa kwanza katika chumba cha kando. Baadaye ndipo vinaingizwa katika mfumo, na kila faili inaandikwa, ili siku ya kuondoa kisibaki kitu.
e) Mahali pa moduli. Lazima ikae katika folda ya moduli za PAM. Ikiwekwa pengine, mlinzi hataiona.

4. Hatari tatu

Ya kwanza: faili ya mpango ina neno la siri la kufungulia daftari. Mkubwa wa mashini peke yake ndiye aisome.

Ya pili: pam_mysql inakubali njia nyingi za kutunza maneno ya siri, hata kuyaandika wazi. Usifanye hivyo. Daftari likiibiwa, watu wote wameibiwa. Tena usitegemee kazi ya PASSWORD() ya MySQL, maana iliondolewa katika toleo 8.0, mwaka 2018.

Ya tatu: umeme ukikatika kwenye mashini ya daftari, mlinzi hana pa kuuliza, na hata mkubwa anaweza kufungiwa inje. Kwa hiyo jina la mkubwa libaki katika mashini yenyewe. Unapojaribu, acha mlango mmoja wazi mpaka uone kama wa pili unafunguka.

Fikirini siku ya Examen d'État, mwanafunzi yuko mlangoni na jina lake halionekani katika orodha. Amesoma miaka sita, lakini mlinzi hajui hayo, anajua karatasi tu. Watumiaji hawatamjua fundi aliyeandika maagizo, lakini mlango wao unategemea uaminifu wake. Someni Luka 16:10.

Maswali
1. Kwa nini jina peke yake halitoshi kumtambua mtu?
2. Alama ya hesabu inazuia ubaya gani?
3. Daftari moja kwa mashini kumi: taja faida moja na hatari moja.