Uso Ukipooza Ghafla: Usipoteze Saa 72 za Kwanza

Unaamka asubuhi, unasukutua mdomo, maji yanamwagika upande mmoja. Kwenye kioo unaona mdomo umeenda kando na jicho moja halifungi. Wengi husema mtu huyo amerogwa au amepigwa na upepo, na siku zinapotea bila matibabu.

Mara nyingi huu ni ugonjwa wa Bell, uliopewa jina la Charles Bell, daktari mpasuaji kutoka Scotland. Neva inayoendesha misuli ya uso hupita ndani ya mfupa karibu na sikio. Ikivimba, hubanwa na upande huo wa uso hulegea.

Je, si kiharusi?

Mwambie mgonjwa ainue nyusi. Kwa kawaida, mwenye kiharusi bado hukunja kipaji pande zote mbili. Mwenye ugonjwa wa Bell hawezi kukunja upande uliopooza. Hiki ni kidokezo tu. Uso ukipinda ghafla, hasa mkono au mguu ukilegea au maneno yakikwama, mkimbize hospitalini mara moja.

Dawa zinazotumika

Prednisoloni ndiyo dawa kuu. Hupunguza uvimbe na inafaa kuanzishwa ndani ya saa 72. Utafiti wa Scotland uliochapishwa mwaka wa 2007, wenye wagonjwa 551, ulionyesha kuwa baada ya miezi 3, wagonjwa 83 kati ya 100 waliotumia prednisoloni walikuwa wamepona kabisa. Miongoni mwa wasioitumia, walikuwa 64.

Asikloviri huzuia virusi. Katika utafiti huo haikuongeza nafuu ilipotumiwa peke yake wala pamoja na prednisoloni. Hata hivyo, ukiwa na malengelenge sikioni, mwonyeshe daktari, kwani huenda ukahitaji dawa ya virusi.

Usijinunulie prednisoloni dukani. Hupandisha sukari mwilini na huweza kuzidisha vidonda vya tumbo au maambukizi. Mweleze daktari ikiwa una kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu, au una mimba.

Linda jicho

Jicho lisilofunga hukauka na huweza kupata kidonda cha kudumu. Tumia matone ya kulainisha mchana. Usiku paka malhamu ya macho, kisha ufunge kope kwa plasta laini jinsi muuguzi atakavyokuonyesha. Jicho likiuma, likiwa jekundu au ukiona ukungu, rudi hospitalini siku hiyo hiyo.

Kumbuka

Wagonjwa wengi hupona, hata kama huchukua miezi kadhaa. Usipoona nafuu yoyote baada ya wiki 3, rudi ukaguliwe upya. Na jirani yako akiamka uso umepinda, usimcheke wala usimwambie asubiri. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.