Mboga za Kienyeji kwa Watu wa Mjini

Mwezi huu twataka kujifunza habari za mboga za kwetu, yaani mnavu, mgagani, kunde na mlenda, na hasa habari zake katika mji wa Nairobi. Sisi tuliokulia shambani twazijua. Lakini wako watoto waliozaliwa mjini wasioweza kupambanua mnavu na magugu, na wazazi wengine huona haya kumwandalia mgeni mgagani. Humpa kabichi, mboga iliyotoka Ulaya.

Haya hiyo haina msingi. Wataalamu waliozipima mboga hizi waliona kwamba mnavu na mgagani zina madini ya chuma na vitamini A kupita kabichi. Mwaka 2007 ilitambuliwa huko Kenya ya kuwa maarifa ya vyakula vya asili yanapotea, ndipo ilipoanzwa kazi ya kuandika mimea hiyo pamoja na majina yake katika lugha za wenyeji, ikafika mimea 850 hivi. Mwaka 2021 UNESCO iliitia kazi hiyo katika daftari lake la mifano mema ya kuhifadhi mila.

Siku hizi mboga hizo huuzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi, kwa majina ya managu na saga. Lakini kuinunua mboga siyo kuimiliki. Mgagani ni mchungu. Akina mama wa magharibi ya Kenya huuchemsha, wakautia maziwa, wakauacha chunguni hata kesho yake, uchungu ukapungua. Asiyejua hayo hununua mara moja tu! Tena yatupasa kuuliza mboga imelimwa wapi, maana kando ya mito ya Nairobi wako wanaonyweshea maji machafu, na sumu ya viwandani iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki kwa kuoshwa.

Asiye na kiwanja na ajifunze kwa watu wa Kibera. Hujaza gunia udongo na samadi, wakaweka katikati nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke mpaka chini, kisha hutoboa matundu ubavuni na kupanda miche.

Na mbegu je? Sheria ya mbegu ya Kenya, iliyogeuzwa mwaka 2012, ilimkataza mkulima kuuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa, na adhabu yake ilikuwa hata kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni moja. Wakulima 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa makatazo hayo yapingana na katiba. Basi jirani aweza kumpa jirani. Lakini nyumbani mwetu ni nani aliye na mbegu za kutoa?

Chagua miche michache iliyo bora, wala usiichume majani. Maganda ya mgagani yavunwe yakiwa ya manjano, kabla hayajapasuka. Matunda ya mnavu yaliyoiva yapondwe majini, mbegu zioshwe. Zote zianikwe kivulini, zitiwe katika chupa kavu pamoja na majivu. Andika juu yake jina la mboga na mwezi wa kuvuna, kwa kuwa mbegu za mgagani zikiwa mpya mno hazioti vema. Ziache zikae miezi michache kabla ya kupandwa.