Chungu Gani Chafaa kwa Kupikia Polepole?

Wasomaji wetu wengi, wa shamba na wa mjini, hupika maharagwe, githeri au nyama ngumu mara kwa mara, na vyakula hivyo vyote vyataka moto mdogo wa saa nyingi. Somo letu la leo lahusu chombo cha kupikia vyakula hivyo: jinsi mtu asiye na fedha nyingi awezavyo kukichagua, na jinsi ya kukitumia kisimharibie chakula wala afya yake.

Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka ule nilipooa nilinunua sokoni sufuria kubwa ya alumini, kwa sababu iling'aa kuliko nyingine zote na bei yake ilikuwa ndogo. Mke wangu aliishika ukingo, akaubonyeza kwa kidole gumba, nao ukabonyea. Alinitazama tu, asiseme neno. Jumapili iliyofuata tuliteleka maharagwe tukamwachia shemeji yangu, kijana wa shule, aangalie moto. Tuliporudi, maharagwe ya chini yalikuwa yameungua kabisa, ya juu yalikuwa bado magumu, na debe la makaa lilikuwa limekwisha. Siku hiyo tulikula mkate na chai. Tangu hapo sinunui chombo cha jikoni kwa ajili ya mng'ao wake.

Sababu ya hasara ile ni rahisi kuifahamu. Alumini hupitisha joto kwa wepesi sana, mara tatu au zaidi kuliko chuma. Hiyo ni sifa njema ikiwa sufuria ni nene, kwa maana joto husambaa kote sawasawa. Lakini ikiwa ni nyembamba kama bati, joto la kila kaa lapenya moja kwa moja mahali pale pale lilipo, na chakula kilicho juu yake huungua. Zaidi ya hayo, chombo chembamba hakina akiba ya joto. Moto ukipungua kidogo, mchemko hukoma. Mpishi huongeza makaa, mchemko hupanda kwa nguvu, maji hukauka. Basi makaa mengi huliwa, wala chakula hakiivi vizuri.

Chombo kizito ni kinyume chake. Hukawia kupata moto, na kikiisha kuupata hukawia kuupoteza. Chuma cha kusubu na udongo wa mfinyanzi vyote vina tabia hiyo. Ndiyo maana nyama ya muundi, ya shingo au ya mkia, ambayo mwenye duka huiuza kwa bei ndogo kuliko nyama laini, yaweza kupikwa ndani yake ikawa tamu kuliko ile ya bei kubwa. Nyama hizo zimejaa kano. Kano zikikaa katika mchuzi unaotokota taratibu kwa saa mbili au tatu, huyeyuka zikawa ute ule unaoufanya mchuzi uwe mzito. Moto mkali hauharakishi jambo hilo. Huikausha nyama tu. Kwa hiyo anayetaka kupunguza gharama ya nyama asihesabu bei ya chungu peke yake. Ahesabu pamoja na nyama atakayoipika ndani yake na makaa atakayoyachoma.

Sasa tutazame vyombo vyenyewe. Chungu cha udongo ndicho cha bei ndogo kuliko vyote vizito, nacho chapatikana karibu kila mahali. Wanawake wa Ukambani na wa Nyanza wamefinyanga vyungu tangu zamani za mababu, na huko Ilesi, karibu na Kakamega, mpita njia huviona vimepangwa kando ya barabara. Ukifika kwa mfinyanzi usione haya kukipima chungu mbele yake. Mfinyanzi mwema mwenyewe atakuonyesha. Kiinue kwa mkono mmoja, ukigonge kwa kifundo cha kidole cha mkono mwingine. Kikilia kwa sauti safi kama kengele ndogo, kimeungua vizuri na hakina ufa. Kikilia sauti ya kukwaruza, kama kikombe kilichopasuka, kirudishe. Pitisha kiganja ndani yake uone kama unene ni sawa pande zote, hasa kitakoni. Ukiweza, kitie maji ukiache kwa muda: kutoa jasho kidogo si kosa, lakini kikidondosha matone mahali pamoja kina kasoro.

Chuma cha kusubu ni imara sana, nacho hudumu miaka mingi kikitunzwa kisipate kutu, ila ni kizito na bei yake kikiwa kipya si ya kila mtu. Ukikiona mahali wanapouza vitu vilivyotumika, usikikatae kwa sababu ya kutu ya juu, maana hiyo huondoka kwa kusuguliwa na kupakwa mafuta. Kikatae kama kina ufa. Kuna na chombo cha chuma kilichopakwa enameli, ambacho ni kizuri madhali enameli haijabanduka ndani. Bakuli la kioo lenye kifuniko lafaa kwa mwenye tanuri; asiye na tanuri asilinunue, kwani likiwekwa juu ya moto wenyewe huweza kupasuka ghafula.

Sufuria ya alumini iliyo nene, yenye kitako bapa, nayo yafaa, na pengine ndiyo ifaayo zaidi kwa wakaao chumba kimoja mjini. Lakini hapa pana jambo la kuangalia sana. Sufuria nyingine husubiwa kwa vyuma vikuukuu vya kila namna vilivyoyeyushwa pamoja. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza habari za sufuria za namna hiyo walizozipima kutoka nchi ya Cameroon, nao walikuta ya kuwa zaweza kutoa madini ya risasi ndani ya chakula. Risasi hudhuru akili za watoto, hata ikiwa kidogo sana. Vitu vyenye ukali kama nyanya, ndimu na ukwaju huitoa kwa wingi zaidi, hasa vikipikwa kwa saa nyingi. Hatusemi ya kuwa kila sufuria ya fundi ni mbaya. Twasema usipojua imesubiwa kwa kitu gani, usiitumie kupikia mchuzi wa nyanya kutwa nzima. Kadhalika vyungu vya kigeni vilivyopakwa rangi zing'aazo: kama havikuandikwa ya kuwa ni vya kupikia, viweke maua.

Kifuniko wengi hawakijali, nacho ni nusu ya chombo. Kiweke mahali pake ukitikise. Kisicheze. Chombo kizuri chenye kifuniko kilegevu hupoteza mvuke, na mpishi hulazimika kuongeza maji kila mara. Wapishi wa pwani hufunika wali wao kwa kifuniko cha bapa, wakapalia makaa machache juu yake, hata joto likatoka juu na chini kama katika tanuri. Chagua basi kifuniko ambacho kingeweza kustahimili makaa, nawe utakuwa umepata tanuri bila kununua tanuri. Kuhusu ukubwa, jamaa ya watu sita yatosheka na chombo cha lita nne au tano. Kumbuka maharagwe makavu huvimba hata kuzidi mara mbili, na chombo kisijazwe kupita theluthi mbili.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nawaomba wasomaji wasilipite haraka. Maharagwe, na hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili. Sumu hiyo hufa kwa mchemko mkali, lakini haifi kwa joto hafifu. Tena maharagwe yaliyopashwa moto kidogo tu bila kuchemka huweza kuwa na sumu nyingi kuliko yakiwa mabichi. Katika miaka ya 1970 watu kadhaa huko Uingereza waliugua, wakatapika sana na kuendesha, baada ya kula maharagwe mekundu yaliyokuwa mabichi au yasiyoiva vizuri. Punje nne au tano zatosha kumwuguza mtu. Kwa hiyo loweka maharagwe usiku kucha, umwage maji yale, utie maji mapya, kisha uyachemshe kwa nguvu, mapovu yakipanda, kabla ya kupunguza moto. Desturi ni kuchemsha kwa dakika 10 angalau. Lakini wakaao nchi za juu wajue ya kuwa maji yao huchemka kabla ya kupata joto la maji ya Mombasa. Huko pwani maji huchemka kwenye kipimo cha 100 cha sentigredi. Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, huchemka kwenye 94 au 95. Huku juu heri kuchemsha kwa nusu saa nzima. Nyanya zitiwe baadaye, maharagwe yakiisha kulainika, maana ukali wake huyafanya yakawie kuiva.

Baada ya mchemko huo waweza kuokoa makaa zaidi kwa kutumia kikapu. Chukua kikapu kikubwa, ukitandike majani makavu ya mgomba au nguo kuukuu, unene wa kiganja pande zote. Epua chombo kikitokota, na kifuniko chake kikiwa juu, ukifukie humo na kukifunika kwa blanketi. Saa tatu au nne baadaye utakuta chakula kingali kikifuka moshi. Kichemshe tena kabla ya kula, na kisiachwe humo mpaka kiwe vuguvugu, kwani uvuguvugu ndio huozesha chakula. Chombo chembamba hakifai kwa kazi hii, wala kilichojazwa nusu.

Imebaki habari ya kukizoeza chungu kipya cha udongo. Kiloweke majini usiku mmoja, kisha pika ndani yake uji mwepesi kwa moto mdogo, uumwage. Wanga wa uji huziba vitundu vyake. Usikiweke kikavu juu ya moto mkali, wala usikitie maji baridi kikiwa cha moto. Wenye jiko la gesi waweke bamba la chuma kati ya chungu na moto. Usikioshe kwa sabuni, kwa kuwa udongo hunywa sabuni na kuirudisha katika mchuzi. Maji ya moto na kumbi la nazi vyatosha. Ukiepua, usikitue juu ya sakafu ya saruji iliyo baridi. Kitue juu ya kata, ile ile ambayo akina mama hubebea mtungi.

Hilo la mwisho nalo nililipata kwa hasara. Chungu chetu cha kwanza, kilichotununulia amani baada ya ile sufuria, nilikitua mimi juu ya sakafu yenye maji, kikiwa kimejaa githeri. Kililia mara moja tu. Gae lake kubwa liko uani hata leo, na kuku hunywea maji humo.